Jina la Jirani: Waogiek katika Maandishi ya Isimu

Jina ambalo watu hupewa na jirani aghalabu hueleza zaidi habari za jirani huyo kuliko za watu wenyewe. Albert Gallatin, alipoainisha lugha za Amerika ya Kaskazini mwaka 1836, aliiita jamii nzima ya lugha Athabaska, kwa neno la Wakree lihusulo ziwa. Wengi wa wasemaji wenyewe hujiita Dene, yaani watu.

Kasoro kama hiyo imo katika maandishi yahusuyo Waogiek wa msitu wa Mau, karibu na Nakuru. Huntingford na wengineo waliwaita Dorobo, neno litokanalo na Kimaasai, la kumtaja maskini asiye na ng'ombe. Ubaya wa istilahi hii si dharau yake tu. Imewachanganya Waogiek, ambao lugha yao ni ya tawi la Kalenjin katika Kiniloti cha Kusini, na Wayaaku wa Mukogodo, ambao lugha yao ya asili ni ya Kikushi. Kilichoainishwa, basi, ni ukosefu wa mifugo, wala si lugha.

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, iliwatambua Waogiek kuwa wenyeji wa asili na kuamua kwamba kuwaondoa Mau kulivunja haki zao. Iliwataja kwa jina lao. Mwanaisimu aandikaye Dorobo bado ameachwa nyuma na mahakimu. Na aende Nessuit na Mariashoni, akawaulize wenyewe asali huitwaje.