Ngoma Isiyo na Jina: Tahakiki ya Kumbukumbu za Ala za Muziki Katika Njia ya Misafara ya Tabora

Katika mazungumzo yetu juu ya utamaduni wa taifa, suala la ala za muziki zilizopotea hutajwa mara nyingi lakini halichambuliwi. Husemwa kwamba wageni walichukua ngoma zetu; husemwa pia kwamba sisi wenyewe tumeziacha zikaliwa na mchwa. Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake. Makala haya yanakusudia kuchunguza ukweli wa tatu ambao haujapewa uzito unaostahili, nao ni kwamba ala hupotea mara mbili. Hupotea kwanza inapotoka mikononi mwa mwenyewe, na hupotea mara ya pili inapoandikwa katika kumbukumbu pasipo jina la mwenyewe. Upotevu wa kwanza unaweza kurekebishwa hata baada ya miaka mia moja. Upotevu wa pili ukikwisha kukamilika, hapana dai linaloweza kusimama.

Mahali pa kufaa kulichunguza jambo hili ni Tabora. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kiungo cha njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, na kazi yao ilikwenda kwa sauti. Kirangozi aliongoza kwa bendera, ngoma ikapigwa nyuma yake, na baragumu la pembe likaita watu kuondoka, kupumzika na kupiga kambi. Mpagazi aliyekuwa na zeze au ndono alipoitua pembe ya ndovu jioni, alianza kuimba habari za safari na za nyumbani. Kwa hiyo njia ile ilipitisha pembe, nguo, shanga na, kwa masikitiko makubwa, watumwa. Na pamoja na hayo ilipitisha nyimbo na ala kutoka bara hadi pwani na kutoka pwani hadi bara. Atakayeandika historia ya muziki wa nchi yetu hana budi kupita Tabora.

Basi na tuangalie jinsi ala hizo zilivyoandikwa. Richard Burton alifika Kaze, yaani Tabora ya siku hizo, mwezi wa Novemba 1857, na mwaka 1860 alichapisha kitabu chake juu ya nchi za maziwa. Ni lazima tumtendee haki: jicho lake lilikuwa kali, na bila kurasa zake tungejua machache juu ya mpangilio wa msafara. Anamtaja mpiga ngoma anayemfuata kirangozi, na anaifananisha ngoma yake na kile chombo cha Kizungu cha kupimia saa kwa mchanga, chenye kiuno chembamba. Analitaja baragumu, na zeze pia. Lakini msomaji akikifunga kitabu atajua umbo la ngoma ile, asijue ilikuwa ya nani, iliitwaje, ilichongwa wapi, na kwa nini mtu yule alipewa heshima ya kuipiga badala ya mwenzake. Burton aliisikia ngoma akaiandika kama kitu kinachoonekana. Aliyeipiga amebaki kuwa mpagazi tu.

Dosari hiyo ya mwandishi mmoja ilikuja kuwa desturi ya ofisi. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitu vilivyokusanywa katika makoloni na misafara iliyogharimiwa na dola vipelekwe kwanza katika makumbusho ya Berlin. Januari 1893 jeshi la Wajerumani chini ya Tom von Prince liliteka boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, na Isike akajilipua kwa baruti asitiwe mikononi mwa adui. Tangu hapo mlango wa Unyamwezi ulikuwa wazi kwa maofisa, wamisionari na wakusanyaji. Vitu viliondoka kwa njia nyingi: vingine viliporwa vitani, vingine vilinunuliwa kwa bei ya mwenye bunduki, vingine vilitolewa zawadi, na vingine vilinunuliwa kwa halali. Tofauti hizi ni kubwa mno mbele ya haki, lakini vitu vyote vilipofika ghalani vilivaa kibandiko cha aina moja: jina la kitu, jina la nchi, jina la Mzungu aliyekileta. Mwaka 1901 Bernhard Ankermann alichapisha uchunguzi wake mkubwa juu ya ala za muziki za Kiafrika, akitegemea hazina hiyo ya Berlin. Ni kazi ya bidii, nayo ilizipanga ala kwa maumbo yake na kwa nchi zinakopatikana. Hata hivyo, mpango wa namna hiyo hauna safu ya mwenye ala. Ngoma ya mtemi na ngoma ya kijana wa shambani, zikifanana umbo, hukaa rafu moja.

Pengine msomaji atauliza: jina lina faida gani ikiwa mti wenyewe uko mbali? Jibu tutalipata kwa jirani zetu. Wapokomo wa Mto Tana, katika nchi ya Kenya, walikuwa na ngoma kuu iitwayo Ngadji. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia katika British Museum, London, ambako iliwekwa ghalani kwa zaidi ya karne moja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inayohusu makumbusho hayo inawafunga mikono wadhamini wake wasitoe mali kwa urahisi. Hata hivyo Wapokomo wameendelea kuidai, na dai lao lina nguvu kwa sababu moja iliyo wazi: ngoma ina jina, kabila lenye ngoma linajulikana, mwaka wa kuchukuliwa unajulikana, na uzao wa mfalme aliyeipoteza ungali hai. Kadhalika Wafaransa waliitwaa mwaka 1916 ngoma ya mawasiliano ya watu wa Ebrié wa Côte d'Ivoire, iitwayo Djidji Ayôkwé. Na mwezi wa Julai 2025 bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kuirudisha. Hapo napo jina halikufa. Ngoma hizi mbili ziliibiwa mara moja tu. Wenyewe hawakukubali ziibiwe mara ya pili.

Upo mfano mwingine, nao unatuhusu sisi kwa karibu zaidi. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alisafiri kusini mwa koloni akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta, na miongoni mwa sauti alizonasa ni za wapagazi wake Wanyamwezi. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, mtaalamu wa hazina ya sauti ya Berlin, alichapisha uchunguzi juu ya nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwa njia hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, Warusi walichukua sehemu kubwa ya silinda za hazina ile wakazipeleka Leningrad. Baadaye zikapelekwa Berlin ya Mashariki, na mwaka 1991, baada ya Ujerumani kuungana, zikarudi kwenye makumbusho zilikotoka. Mwaka 1999 UNESCO ikaiingiza hazina hiyo katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia.

Habari hii inastahili kutafakariwa na Mtanzania. Wajerumani walionja machungu ya kupoteza muziki kwa vita, wakazingoja silinda zao karibu miaka hamsini, wakafurahi zilipowarudia. Na hapana mtu mwenye akili aliyewaambia kwamba zilikuwa salama zaidi mikononi mwa wengine. Kilichowasaidia kuzitambua ni daftari. Kila silinda ilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na maelezo ya mahali, mwaka na mkusanyaji. Pasipo daftari hilo, nta ile ingekuwa nta tu.

Hapa zinajitokeza hoja mbili za upinzani. Ya kwanza husema kwamba makumbusho ya Ulaya yameziokoa ala zetu, kwa kuwa katika Unyamwezi mti huliwa na mchwa na ngozi huoza. Hoja hii ina punje ya kweli: sauti za wapagazi wa mwaka 1906 tunaweza kuzisikia leo kwa sababu ya nta ya Wajerumani. Lakini inachanganya kuhifadhi na kumiliki. Anayeihifadhi mali ya jirani wakati wa mafuriko husifiwa, na sifa hiyo humalizika siku anapokataa kuirudisha. Hoja ya pili ni nzito zaidi, na hutoka kwetu wenyewe. Husema kwamba ngoma si kitu cha kuabudiwa. Ngozi yake hubadilishwa, mzinga wake ukipasuka huchongwa mwingine, na muziki huendelea. Ni kweli kabisa. Lakini ngoma mpya huzaliwa mbele ya ngoma ya zamani, na mchongaji kijana hujifunza mbele ya mzee. Ngoma ya enzi ikiondolewa ghafula, na wazee wanaojua mapigo yake wakafariki mmoja baada ya mwingine, ile inayochongwa baadaye huwa na umbo la mama yake lakini haina lugha yake. Kwa sababu hiyo kuichukua ngoma ya mtemi ni kitendo kikubwa kuliko kuchukua gogo lililowambwa ngozi.

Tukiisha kuwahukumu wageni, uadilifu unatutaka tujihukumu sisi pia. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika hadharani kwamba waliosoma walijua kucheza dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Mwaka 1963 madaraka ya watemi yakaondolewa kwa sheria. Hatua hiyo ilikuwa na maana kwa umoja wa taifa, lakini ilikuwa na tokeo ambalo halikuangaliwa vya kutosha: ngoma za itemi zilipoteza kazi yake rasmi, na nyingi zikawa mali ya familia, ndani ya nyumba, pasipo orodha. Kitu cha namna hiyo huuzwa kwa urahisi siku ya shida, au huibiwa na mtu anayejua mnunuzi alipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti uuzaji na usafirishaji wa vitu vya kale nje ya nchi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unazitaja ala za muziki za zamani waziwazi miongoni mwa mali za utamaduni zinazostahili kulindwa. Lakini mkataba huohuo, unapokataza nchi kuingiza vitu vilivyoibiwa makumbushoni, unataka viwe vimeandikwa katika orodha ya mahali vilipoibiwa. Sheria haiwezi kumsaidia aliyeibiwa ngoma ambayo hapana karatasi inayoitaja.

Mfano mwema haupo mbali. Huko Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950 yamezikusanya ngoma za watemi na kuziweka pamoja na vitu vingine vya enzi, katika nchi ileile zilikopigwa na miongoni mwa watu wanaozielewa. Tabora, iliyokuwa moyo wa njia ya misafara, inastahili kuwa na kazi isiyopungua hiyo. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya awali ya nchi yetu ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na tembe la Kwihara hutembelewa kwa ajili ya kumbukumbu ya Livingstone na Stanley. Yafaa sauti za waliobeba mizigo yao nazo zipewe mahali.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watu wenye adabu, daftari, na muda wa kuwasikiliza wazee. Kwa kila ngoma, zeze, ndono na baragumu la zamani lililosalia katika wilaya za Tabora, yaandikwe mambo haya: jina lake, aliyelichonga au kulitengeneza, mti na ngozi, familia inayolitunza, nani anaruhusiwa kulipiga na kwa tukio gani, mapigo yake, yakinaswa sauti mpigaji angali na nguvu, na picha yake kwa kila upande. Mambo ambayo wazee wanayaona kuwa ya siri yaheshimiwe. Orodha inaweza kutunzwa kwa kufuli, nakala moja kwa familia na nyingine kwa serikali, pasipo kutangazwa sokoni.

Orodha hiyo itakuwa na kazi mbili. Itailinda ala iliyopo, kwa kuwa mwizi huogopa kitu kinachojulikana. Pia itatupa macho ya kuitafuta ile iliyokwenda. Mwaka 2024 Berlin ilifungua maonyesho juu ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa letu, na milango ya maghala ya Ulaya imeanza kufunguliwa kwa wataalamu wetu kuliko zamani. Mtaalamu wetu akiingia ghalani asijue anatafuta ngoma ya nani, ataonyeshwa rafu, ataandika namba, na kurudi nyumbani. Akiingia na jina la ngoma, alama zilizochongwa ubavuni mwake, na jina la ukoo ulioitunza, atakuwa amekwenda kwa niaba ya mwenye mali. Wazee wanaoyajua majina hayo hawatatungoja, na hapana makumbusho duniani yanayoweza kuturudishia jina tuliloliacha lizikwe nao.