Kichochoro cha Tembo

Wengi wakicheza Rome: Total War, ule mchezo wa vita wa mwaka 2004, huvirundika vikosi vyao mbele ya adui, kisha husubiri kuona nani kabaki. Na hushinda, sina ugomvi nao. Ila wapo wanaotaka vita vya Zama vya mwaka 202 KK vipiganwe vile Scipio, jemadari wa Kirumi, alivyovipanga. Hao naweza kuwatazama jioni nzima.

Jeshi la Kirumi lilikaa safu tatu: hastati vijana mbele, principes waliokomaa katikati, na triarii, wakongwe wenye mikuki mirefu, nyuma. Kwa kawaida kikosi cha safu ya pili kilikabili pengo la safu ya kwanza. Zama, Scipio aliwaweka principes moja kwa moja nyuma ya hastati, mapengo yakawa vichochoro vilivyonyooka, maana adui yake, Hannibal wa Carthage, alikuja na tembo zaidi ya 80.

Mchezaji ana vikosi 20 tu. Hubana kitufe cha kulia cha kipanya, akaburuta, safu ikarefuka. Akirudisha kidogo, inakuwa fupi na nene. Hupima kwa jicho mpaka pengo la nyuma lilingane na la mbele.

Lakini tembo wa kompyuta hawaingii kichochoroni eti kwa kuwa ki wazi. Wao hufuata watu. Basi velites, warusha mikuki wepesi, huwekwa mdomoni pake wawe chambo. Kwa mpangilio wao wa kawaida hukimbia wenyewe adui akikaribia, tena hovyo, hivyo fundi huuzima. Huwaacha warushe, warushe tena, tembo wanazidi kukua kwenye kioo (mimi hapo ningeshabonyeza kila kitu), ndipo huwavuta nyuma katikati ya hastati waliopewa amri ya kutobanduka. Akiwahi, tembo huwageukia hastati. Akichelewa, velites hukanyagwa. Akipatia, tembo huingia wakichomwa kulia na kushoto, wengine wakapagawa na kuwarudia watu wa upande wao, kama walivyofanya Zama waliposhtushwa na mabaragumu.

Wengine hapo wangeshashangilia. Yeye anawatoa principes na triarii pembeni mwa hastati, safu irefuke kama Scipio alivyoirefusha, maana askari wakongwe wa Hannibal hawajaguswa, na wapanda farasi wanaoshika nafasi ya wale wa Masinissa, mshirika wa Scipio, bado wako mbali wakiwafukuza wenzao wa upande wa adui.