Mchezo wa Krismasi na Nyumba ya Bibi

Kila mwaka mwezi wa Desemba ukifika, mawingu yakiwa yameufunika mlima wa Rungwe na migomba ikinawiri kwa mvua, makanisa mengi ya wilaya yetu huwa na kazi moja isiyokosekana: watoto hufundishwa mchezo wa kuzaliwa kwake Bwana. Jioni ya tarehe 24 watu hukusanyika. Jamaa waliotoka Mbeya na Dar es Salaam kuja kula sikukuu kwao huketi mbele, mama wazee huketi kwenye mabenchi ya kando, na watoto wadogo husimama juu ya magoti ya baba zao wapate kuona. Kwa nyumba nyingi za Tukuyu jioni ile ndiyo Krismasi yenyewe. Ndizi, wali wa Kyela na nyama ya kesho yake ni nyongeza tu. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza kama mchezo huo ni mzuri, na kama wasema kweli.

Mwaka uliopita tuliutazama katika kanisa moja lisilo mbali na mji. Jina lake hatulitaji, maana makosa tutakayoyaeleza si ya kanisa hilo peke yake. Hata sisi, katika miaka ya ualimu wetu, tumeyafundisha kwa vinywa vyetu wenyewe. Lakini kwanza tutoe sifa inayostahili. Waimbaji waliimba kwa sauti nne bila kinanda, wala hawakupotea. Binti aliyekuwa Mariamu alimshika mtoto kama ashikavyo mtu aliyezoea kulea wadogo zake; alipoona kitambaa kinateleza, alikifunga upya pole pole, asiwatazame watu. Hayo hakufundishwa na mwalimu. Tulipomwona tuliamini, na kazi ya mchezo ni hiyo.

Sasa tuyaseme makosa. La kwanza ni pamba. Tawi la msindano lilipambwa kwa pamba, na paa la zizi kadhalika, kuwa mfano wa theluji. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati hata maneno ya malaika hayakusikika vema, na njia ilikuwa tope tupu. Ndani watoto walitetemeka kwa baridi ya nchi nyingine. Luka hana habari ya theluji. Theluji ilitiwa na watu wa Ulaya, ambao Krismasi yao huja wakati wa baridi kali. Nao walipouchora usiku ule waliuchora kama usiku wa kwao. Hawakukosa, maana walitaka kusema kwamba Bwana alizaliwa kwao pia. Sisi tuliichukua pamba yao, tukaiacha maana yao.

La pili ni mwenye nyumba ya wageni. Kijana mmoja alifunga mto tumboni, akaketi nyuma ya meza chini ya kibao kilichoandikwa GESTI, simu sikioni. Akamwuliza Yusufu kitambulisho, watu wakacheka. Akamwuliza fedha, wakacheka zaidi. Basi kwa kuwa alichekwa aliongeza, na kwa kuwa aliongeza alichekwa, hata akasema maneno mengi kuliko Yusufu, Mariamu na malaika wote pamoja. Tulipotoka, watoto njiani walikuwa wakiyaiga maneno yake, wala hatukumsikia hata mmoja aliyeyaiga maneno ya wachungaji. Na mtu huyo katika Injili hayumo. Luka hakumtaja kabisa. Tumemzua sisi, kisha tumempa mchezo wote.

La tatu ndilo kubwa, nalo ndilo lililotushika tuandike. Yusufu na Mariamu walipofikishwa zizini, Yusufu alikunja uso, akaziba pua kwa vidole, akasema kwamba hapa ni pa wanyama, si pa watu. Kanisa zima likacheka. Sisi hatukuweza kucheka, maana tuliyakumbuka maneno yale. Tuliyasema sisi wenyewe tulipokuwa na umri wa miaka tisa, mbele ya bibi yetu.

Mwaka ule Yusufu alikuwa sisi. Mwalimu alitufundisha kuziba pua mara moja. Nasi kwa kupenda sifa tuliziba mara tatu. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa ameketi karibu na mbele, amevaa kitenge kipya alichonunuliwa kwa sikukuu. Tulipokwisha tukamkimbilia atusifu. Akatushika kichwa, akasema kwa upole, "Umesema vizuri, mjukuu wangu. Lakini mimi nilizaliwa katika nyumba ya namna hiyo." Hakuongeza neno. Mwaka uliofuata alisema miguu yamwuma. Mwaka wa tatu alisema mvua ni nyingi. Hakuja tena kuutazama mchezo mpaka alipofariki. Nasi miaka hiyo yote tuliisadiki habari ya miguu.

Bibi alisema kweli. Wanyakyusa wa zamani walilala na ng'ombe wao chini ya paa moja. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi wao katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938, waliiona desturi hiyo, na wazee wengine waikumbuka hata leo. Wala haikuwa alama ya uchafu. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1879, alistaajabia usafi wa nyumba na vijiji vya watu hawa. Bibi alikuwa akituambia kwamba kila asubuhi mama na mabinti waliondoa samadi, wakafagia sakafu hata ikawa safi, na samadi ikapelekwa migombani. Ng'ombe ndiye mahari ya kijana, ndiye maziwa ya mtoto, ndiye aliyepatanisha koo mbili. Nani angemwacha nje usiku apigwe na mvua au akamatwe na chui? Katika siku zile mtu wa kuhurumiwa alikuwa yule ambaye nyumbani mwake hamkusikika pumzi ya ng'ombe usiku.

Na tuifungue Injili yenyewe. Katika Luka 2:7, Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 yataja nyumba ya wageni, na kwa maneno hayo sisi tumeijenga gesti yetu. Lakini neno la Kiyunani lililoandikwa hapo ni lile lile lililoandikwa katika Luka 22:11, Bwana alipotaka mahali pa kula Pasaka na wanafunzi wake. Na huko wafasiri wetu wameandika chumba cha wageni. Luka alipotaka kutaja nyumba ya kulaza wasafiri kwa fedha, kama ile aliyopelekwa mtu aliyejeruhiwa katika mfano wa Msamaria, 10:34, alitumia neno jingine. Tofauti hiyo si ya bure.

Kenneth Bailey, Mmarekani aliyefundisha Agano Jipya miaka mingi katika nchi za Mashariki ya Kati, alieleza jinsi nyumba za watu wa kawaida wa Palestina zilivyokuwa. Watu waliishi katika chumba kimoja kikubwa, wakalala mahali palipoinuka kidogo. Wanyama waliingizwa usiku mahali pa chini, karibu na mlango. Na hori ilikuwa katikati yao, mpakani mwa watu na wanyama. Kwa maelezo yake, chumba cha wageni kilikuwa kimekwisha kujaa, basi wenyeji wakampokea Mariamu katika chumba chao wenyewe, akajifungua kati ya watu. Si wataalamu wote wayakubalio hayo yote. Walakini hakuna awezaye kuonyesha katika Luka mtu aliyeziba pua.

Msomaji, yasome hayo, kisha uikumbuke nyumba ya Bibi. Yamkini jioni ile katika kanisa zima hapakuwa na mtu aliyeweza kuifahamu nyumba ya Bethlehemu kama alivyoweza yeye. Angaliweza kutuambia hori yawekwa wapi, ng'ombe afanyaje akisikia sauti ya mtoto mchanga, na mama hugeukia upande gani apate joto. Hatukumwuliza. Badala ya kumwuliza tulisimama mbele yake, tukamfundisha kuionea haya nyumba ya baba yake. Na tulifanya hivyo kwa jina la Yeye aliyekubali kulazwa mahali kama pale.

Mtu atasema, "Je, mwataka turudi kulala na ng'ombe?" La, hasha. Zizi lililojengwa mbali kidogo na nyumba ni jema kwa afya ya watoto, wala hatuusifu moshi na viroboto vya zamani. Kuiacha desturi ni jambo moja. Kuicheka mbele ya waliozaliwa ndani yake ni jambo jingine. Baba aweza kumjengea mamaye nyumba ya matofali bila kumwambia kwamba ile aliyomlea ndani yake ilikuwa aibu.

Mwingine atasema, "Basi tuutupe mchezo wote, maana ni wa kigeni." Wala hilo silo. Wamoravian wa kwanza walifika Rungwe mwaka 1891, nao walitoka katika kanisa lenye desturi ya kuwapa watoto mishumaa katika ibada ya mkesha wa Krismasi. Desturi hiyo ilianza Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747, kila mtoto alipopewa mshumaa mdogo wenye utepe mwekundu. Mshumaa gizani, mtoto wa Rungwe auelewa bila kufasiriwa, hasa usiku wa mvua umeme ukikatika. Na Fransisko wa Assisi, alipoandaa hori huko Greccio, Italia, mwaka 1223, hakuagiza kitu Bethlehemu. Alileta ng'ombe na punda na majani makavu ya mahali pale pale, watu wa kijiji waone kwa macho yao. Ng'ombe na punda nao hawamo katika Luka. Wakristo waliwatoa katika Isaya 1:3, nabii anapowasifu wanyama hao kwa kumjua mwenyewe wao. Basi kama watu wa Greccio waliruhusiwa kuleta ng'ombe wa kwao, sisi wa Rungwe twakatazwa na nani?

Tufanyeje, basi? Shauri letu kwa walimu wenzetu ni dogo, wala halina gharama. Pamba na iachwe, na mvua iachwe isikike. Mwenye gesti na apumzishwe. Mahali pake asimame mama wa nyumba, aliyejaliwa wageni wengi kuliko vitanda, naye asogeze watoto wake kumpa nafasi mwanamke mwenye uchungu. Hapo kanisa halitacheka sana, lakini kila mama aliyeketi pale atajiona, maana usiku huo huo nyumbani kwake wageni wamelala sakafuni.

Na wachungaji wachaguliwe miongoni mwa watoto wachungao kweli. Neno hili limetupotea. Mwaka juzi mtoto wa darasa la pili alituuliza kama wachungaji wale walikuja Bethlehemu na kola zao shingoni, akidhani ni wachungaji wa kanisa. Tulicheka, kisha tukasikitika. Katika nchi hii zamani mvulana alichunga ng'ombe wa baba yake kabla ya kushika jembe. Aliijua hofu ya kuhesabu jioni na kumkosa mmoja. Mtoto aliyeionja hofu hiyo atajua jinsi ya kusimama malaika akimwambia asiogope. Mtoto asiyeijua atasimama tu kama mti, amevaa pazia.

Sisi mwaka huu tumeanza. Kabla ya kuwagawia watoto maneno, tuliwapeleka kwa mama mzee mmoja jirani ya shule, tukamwomba atuonyeshe jinsi nyumba ya kwao ilivyopangwa. Kwanza alikataa, akidhani tumekuja kumcheka. Tulipomwambia ni kwa ajili ya Krismasi alinyamaza kidogo, kisha akashika fimbo yake akachora udongoni: hapa mlango, hapa ng'ombe, hapa mafiga, hapa mahali pa kulala. Watoto wakainama kutazama. Mmoja akamwuliza, "Na mtoto mchanga, Bibi, alilazwa wapi?" Akaigusa chini kwa ncha ya fimbo, si mbali na ng'ombe, akasema, "Hapa, penye joto."

Tumeiweka hori yetu mahali hapo. Na jioni ya tarehe 24, Mungu akipenda, mama huyo ataketi benchi la mbele.