Nani Hulinda? Kitenzi cha Ulinzi katika Ushuhuda wa Immaculée Ilibagiza

Methali ya Kinyarwanda isemayo "Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda" hueleweka kwa kawaida kuwa hakikisho: Mungu hushinda kwingine, lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Ikisomwa kwa makini, nusu yake ya kwanza hukiri jambo ambalo msemaji hupita haraka, kwamba mchana Mungu hayupo nyumbani. Tena mgeni huyu wa usiku alitarajiwa kuandaliwa. Katika desturi ya kale, mke aliyetamani mtoto hakulala bila kuacha maji kidogo chomboni, ili Imana apate ya kufinyangia. Kumtumaini Mungu kulikuwa pia kazi ya nyumbani, yenye chombo na mkono wa mtu.

Makala haya yanahakiki namna imani ya ulinzi wa kila siku inavyosimuliwa katika *Left to Tell* (2006), tawasifu ambayo Immaculée Ilibagiza aliiandika kwa Kiingereza pamoja na Steve Erwin. Inadaiwa hapa kuwa kitabu kinasema mengi zaidi kuhusu ulinzi kuliko msimulizi wake anavyokusudia, na kwamba msomaji wa Kiswahili au Kinyarwanda ana nafasi nzuri ya kuyasikia.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mwanafunzi wa chuo kikuu anarudi kwao Mataba, Kibuye, kwa Pasaka ya 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yanapoanza, babake anampa rozari na kumtuma kwa jirani, mchungaji wa Kiprotestanti ambaye ni Mhutu. Huko anafichwa katika choo kidogo pamoja na wanawake wengine saba, kwa siku 91. Wauaji wanaipekua nyumba zaidi ya mara moja. Anapotoka, wazazi wake na kaka na mdogo wake wawili wameuawa. Amebaki kaka mmoja aliyekuwa Senegal masomoni. Baadaye anapata kazi katika Umoja wa Mataifa mjini Kigali.

Kifani, nguvu ya kitabu imo katika kuhesabu. Ulinzi haudaiwi kwa jumla. Unaombwa asubuhi, unaombwa tena mchana, na usiku msimulizi anashukuru kwa siku iliyokwisha bila kuithubutia kesho. Kurasa bora kuliko zote si zile za kunusurika. Ni zile anapofika kwenye sehemu ya Sala ya Bwana inayohusu kusamehe, akashindwa kuitamka kwa sababu angekuwa anasema uongo mbele ya Mungu. Hapo imani inagharimu kitu.

Udhaifu unaanza kwenye jina la kitabu. Kitenzi chake kimewekwa katika kauli ya kutendwa, bila mtenda: mtu ameachwa ili asimulie. Kiswahili hakiruhusu swali hilo lilale. Ameachwa na nani? Jibu la kitabu ni Mungu, kwa kusudi. Lakini kusudi likishatolewa kwa aliyesalia, ndugu yake aliyekufa, ambaye naye aliomba, anabaki na kusudi gani? Msimulizi analikaribia swali hili mara kadhaa na kila mara anaondoka kabla halijaiva. Véronique Tadjo, mmoja wa waandishi wa Kiafrika waliofika Rwanda kwa mradi wa kumbukumbu wa 1998, alichagua njia tofauti: katika *L'Ombre d'Imana* (2000) Mungu yumo jalada kama kivuli, na maswali mengi yanaachwa wazi. Hakuna haja ya kusema kipi ni kitabu bora. Cha Tadjo ni cha aliyekuja kutazama. Cha Ilibagiza ni cha aliyekuwa ndani.

Sasa jina la mchungaji. Kitabuni anaitwa Murinzi. Msomaji wa Kiingereza hupita hapo bila kusikia lolote, lakini *umurinzi* wa Kinyarwanda ni mlinzi wa Kiswahili, na mzizi ni uleule: "Imana ikurinde" ndiyo "Mungu akulinde". Kwa hiyo kila msimulizi anapomshukuru Mungu kwa kumlinda, mtu mwenye jina la Mlinzi yuko upande wa pili wa ukuta. Si malaika. Ana hofu, hukaripia, chakula anachopeleka ni mabaki, na kuna nyakati maneno yake yanawaumiza waliojificha. Hata hivyo ndiye anayesukuma kabati la nguo kufunika mlango wa choo. Wazo la kabati, kwa maelezo ya kitabu, lilimjia msimulizi katika sala. Aliyelisukuma ni Murinzi. Ushuhuda unalitukuza wazo na kumwacha msukumaji katika kivuli, ilhali lugha ya kwao imekwisha kumtaja.

Kasoro hii si ya kifasihi tu. Mwaka 1992 Watutsi wa Bugesera waliposhambuliwa, wengi walikimbilia kanisa la Nyamata, kusini mwa Kigali, wakapona. Antonia Locatelli, Mwitalia aliyeishi hapo, alizipigia simu redio za nje kueleza kinachotendeka, naye akauawa kwa kufanya hivyo. Aprili 1994 watu walikimbilia kanisa lilelile, na takriban 10,000 waliuawa ndani yake na kandokando. Imani yao haikuwa ujinga. Ilitokana na yale waliyoyaona. Lakini kilichokumbukwa kuhusu 1992 kilikuwa jengo, na ulinzi wa 1992 ulikuwa na watu ndani yake.

Kwa washauri wa sera, jambo hili lina uzito. Mwaka 2018 Rwanda ilifunga mamia ya makanisa jijini Kigali kwa kukosa viwango vya ujenzi na usafi, na sheria ya mwaka huohuo ikawataka viongozi wa kidini wawe na elimu ya chuo kikuu. Hatua hizo hukagua paa na vyeti. Lugha ya ushuhuda, yaani kile mjane wa Nyamata anachokisikia jirani yake anaposimama kanisani na kusema alilindwa kwa sababu aliomba, haigusiki kwa ukaguzi wa namna hiyo. Wakati huohuo, nje ya kanisa, neno linalohitajika lipo tayari: shirika la Unity Club huwatunuku watu waliookoa wenzao na kuwaita *abarinzi b'igihango*, walinzi wa agano. Mzizi uleule, safari hii ukiwa na mtenda.

Ikumbukwe kwamba wamisionari wa Kikatoliki nchini Rwanda walitumia kwa muda mrefu neno la Kiswahili "Mungu" kabla ya kumkubali Imana, kana kwamba yule wa kienyeji hakufaa kwa sala. Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, tangu 2017, na tawasifu hizi zitatafsiriwa. Mfasiri atakapofika kwenye jina la mchungaji itambidi aamue: aache Murinzi kama lilivyo, au aandike Mlinzi.