Kona ya Nyuzi 90, Lenzi ya Nyuzi 130

Kona ya sebule ina nyuzi 90. Fundi mwashi huihakikisha kabla hajapandisha kozi ya pili ya tofali, na baada yake hakuna anayeipima tena. Lakini mnunuzi wa kamera ya ulinzi ya ndani angefaidika kuikumbuka. Akiingia Kariakoo, au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, jambo la kwanza atakalotajiwa baada ya bei ni upana wa lenzi: hii ina nyuzi 110, ile 130, na kwa anayetaka zaidi ipo ya 150. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kamera inavyosifiwa. Ukweli ni kwamba kamera iliyofungwa konani inahitaji nyuzi 90 na ziada kidogo ili ione chumba kizima. Zinazozidi hapo zinatazama kuta mbili za ubavuni, na kuta haziibi.

Mbio hizi za upana zina historia fupi. Dropcam, kampuni ya San Francisco iliyoanzishwa mwaka 2009 na Greg Duffy na Aamir Virji, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuuza kamera ndogo ya nyumbani inayounganishwa na waifai na kutazamwa kwenye simu. Kamera yake ya mwaka 2012 ilikuwa na lenzi ya nyuzi 107. Dropcam Pro ya 2013 ikafika 130. Mwaka uliofuata Nest, ambayo tayari ilikuwa mali ya Google, ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 555, na namba 130 ikaanza kuonekana kwenye maboksi ya watengenezaji wengine. Wyze Cam v3 ya mwaka 2020, iliyojulikana zaidi kwa unafuu wa bei, nayo ilitangazwa kwa nyuzi 130.

Swali ambalo boksi mara nyingi halilijibu ni: nyuzi hizo zimepimwa wapi? Watengenezaji wengi hupima kwa ulalo, kutoka pembe ya juu ya picha hadi pembe ya chini ya upande wa pili, kwa sababu huko ndiko namba hutoka kubwa. Kwa picha ya kawaida yenye uwiano wa 16 kwa 9, nyuzi 130 za ulalo ni kati ya nyuzi 113 na 124 kwa mlalo, kutegemea jinsi lenzi inavyopinda mistari. Mafundi wa CCTV wamezoea kipimo kingine, milimita za lenzi. Lenzi ya milimita 2.8 kwenye kamera za kawaida hutoa takribani nyuzi 100 hadi 110 kwa mlalo, na ya milimita 4 hutoa kama 80. Kwa sebule nyingi, ile ya 2.8 ndiyo inayostahili kutafutwa.

Upana una gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa pikseli. Kamera ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana, iwe imewekewa lenzi nyembamba au pana. Donge la chapati ni lile lile. Likisukumwa pana, linakuwa jembamba. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kiliweka hesabu ya wembamba huo: pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kwamba kuna mtu, 62 kuona anachofanya, 125 kumtambua mtu anayefahamika, na 250 kuthibitisha sura ya mtu asiyejulikana. Uso wa mtu una upana wa kama sentimita 16, kwa hiyo pikseli 250 kwa mita ni pikseli 40 tu usoni. Huo ndio mtaji wote wa polisi watakapoletewa picha.

Tuchukue sebule ya mita 5 kwa 4, yenye mlango wa nje kwenye ukuta mfupi. Fundi anapanda ngazi na kufunga kamera kwenye kona ya mbali kabisa na mlango, karibu mita 6 kwa mshazari. Kwa lenzi ya nyuzi 110, picha pale mlangoni inatandazwa juu ya upana wa mita 17, na kila mita inapata pikseli 112. Anayeingia ataonekana vizuri kwamba ameingia, kwamba ni mrefu, kwamba amebeba begi. Sura yake ina pikseli 18. Wengi hapo hukimbilia kununua kamera ya pikseli nyingi zaidi, lakini hata ya megapikseli 4, yenye pikseli 2560 kwa upana, inafikisha 149 kwa mita mahali pale pale.

Dawa ni kuchagua kona ambayo mgeni ataiendea kwa miguu yake mwenyewe. Mwizi hasimami mlangoni. Anafuata runinga, au anafuata korido ya vyumbani. Kona iliyo karibu na njia hiyo itampata akiwa umbali wa mita 2 na nusu, uso ukiwa mbele, na hapo lenzi ile ile ya nyuzi 110 inampa pikseli 269 kwa mita. Lenzi ya nyuzi 130 kamili za mlalo, kwa umbali huo huo, ingempa 179. Nyuzi 20 za ziada, zilizotumika kupiga picha za rangi ya ukutani, zimeondoa theluthi moja ya ushahidi.

Hesabu hizi ni za lenzi isiyopinda mistari. Lenzi nyingi za bei nafuu huipinda pembezoni, fremu ya dirisha ikaonekana kama upinde, na kwa kufanya hivyo hubakiza pikseli nyingi zaidi katikati ya picha. Hilo si hitilafu ya kumrudishia muuzaji. Ni sababu ya kuigeuza kamera mpaka njia ya kupita iwe katikati, na kuiacha sofa ikae pembeni kwenye wembamba.

Marie Van Brittan Brown, muuguzi aliyeishi Queens, New York, aliliona suala hili kutoka upande wa mlango. Yeye na mumewe Albert waliomba hataza ya mfumo wa ulinzi wa nyumbani mwaka 1966 na kuipata Desemba 1969. Mlango wao ulikuwa na matundu manne ya kuchungulia kwa urefu tofauti, na kamera moja ikipanda na kushuka nyuma yake, ili mgeni awe mrefu au mtoto, sura yake ifikiwe. Picha ilionekana kwenye skrini chumbani. Mfumo mzima ulipangwa kuizunguka sura ya anayebisha hodi, si ukubwa wa chumba.

Urefu wa kufunga unafuata mantiki hiyo hiyo. Mafundi hupenda kubana kamera kwenye dari, mahali ambapo mkono haufiki na waya hauonekani. Kwa dari ya mita 3 na mtu aliye mita 2 na nusu mbali, lenzi inamtazama kwa mteremko wa karibu nyuzi 30, na kofia ya kawaida inatosha kumficha. Ikishushwa hadi mita 2.3, mteremko unakuwa nyuzi 16 hivi, na uso unarudi kwenye picha. Kamera ya urefu huo inaweza kung'olewa kwa mkono, ni kweli. Lakini anayenyoosha mkono kuing'oa ameshampa mwenye nyumba picha ya karibu kuliko zote, mradi picha hiyo imekwisha kutumwa nje ya nyumba; suala hilo litarudi hapa chini.

Mchana, adui ni mwanga wa nyuma. Mlango unaotazama magharibi ukifunguliwa saa kumi na moja jioni, anayeingia anakuwa kivuli cheusi mbele ya weupe mtupu. Kamera yenye uwezo halisi wa kusawazisha mwanga, unaoandikwa WDR na kupimwa kwa desibeli, husaidia. Kamera isiyotazama mlango moja kwa moja husaidia zaidi na haiongezi bei.

Usiku ndipo upana unapoadhibu. Kamera nyingi za ndani huwasha taa ndogo za infraredi zisizoonekana kwa jicho, au zinazoonekana kama wekundu hafifu ikiwa ni za nanomita 850; zile za 940 hazionekani kabisa, ila hazifiki mbali. Mwanga huo hupungua kwa mraba wa umbali. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe, ulio nusu mita kutoka kwenye lenzi, hupokea mwanga mara 64 ya ule unaomfikia mtu aliye mita 4. Kamera ikiona weupe mwingi hivyo ubavuni, inapunguza mwanga wa picha nzima, na mtu wa katikati anazama gizani. Lenzi pana zaidi inameza ukuta mwingi zaidi. Mara nyingi tatizo linaisha kwa kuisogeza kamera mbele ya kona kwa kibao kifupi, au kuizungusha nyuzi chache mpaka ukuta utoke kwenye fremu.

Kioo ni kibaya kuliko ukuta. Wapo wanaoweka kamera ya ndani dirishani ili ichunge geti, na mchana wanaridhika. Giza likiingia, infraredi inagonga kioo na kurudi kwenye lenzi, na kinachorekodiwa usiku kucha ni ukungu. Inabidi taa hizo zizimwe na taa ya nje iwashwe.

Kuna jambo jingine la usiku ambalo maboksi hayaligusi. Mwanga ukiwa hafifu, shata ya kamera hubaki wazi kwa muda mrefu, tuseme sehemu moja ya 25 ya sekunde. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida, mita 1.4 kwa sekunde, anasogea sentimita 5.6 katika muda huo. Kwa pikseli 250 kwa mita, hizo ni pikseli 14 za mburuto juu ya uso wenye pikseli 40. Megapikseli haziwezi kurekebisha hilo. Taa ndogo ya LED iliyoachwa ikiwaka koridoni inaweza, na inakula umeme kidogo sana.

Baada ya hapo zinabaki kero za kila siku. Pangaboi likiwa ndani ya fremu, simu italia tahadhari mpaka mwenye nyumba azime tahadhari zote, na kamera iliyozimwa sauti ni pambo. Programu nyingi huruhusu kuchora eneo la kuangaliwa. Pangaboi, pazia na runinga vinaachwa nje ya mchoro. Mjusi kafiri hana mchoro wa kumzuia. Akipita mbele ya lenzi usiku, infraredi inamfanya awe mweupe na mkubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuingia sebuleni. Kuchagua tahadhari za umbo la binadamu, badala ya mwendo wowote, humpunguza bila kumwondoa kabisa.

Kwa hifadhi, hesabu ni rahisi. Video ya 1080p inayorekodiwa kwa megabiti 2 kwa sekunde hutumia karibu gigabaiti 21.6 kwa siku, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 128 inajaa kwa siku 6 hivi kabla haijaanza kufuta za zamani. Mgandamizo wa H.265 unaweza karibu kuongeza siku hizo maradufu. Kadi iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kuandikwa mfululizo. Ya kawaida hufa mapema, na hufa kimya. Kutazama moja kwa moja kwa saa moja, kwa kiwango hicho, ni megabaiti 900 za bando, na ndiyo maana wanaotumia ruta za laini ya simu hurekodi kwenye kadi na kutuma nje vipande vifupi vya tahadhari tu. Vipande hivyo visikosekane. Anayeondoka na kamera anaondoka na kadi iliyomo ndani yake.

Umeme ukikatika, kamera na ruta huzimika pamoja. Kamera ndogo hutumia volti 5 na wati chache. Pawabenki ya mAh 10,000, ikiwa ni ya aina inayochajiwa huku ikitoa umeme, inaweza kuiendesha kwa saa kama kumi. Ruta nyingi zinataka volti 12, kwa hiyo zinahitaji betri ya akiba ya kwao.

Hatari nyingine huingia kwa njia ya mtandao. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka intaneti kikijaribu jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani, na kwa njia hiyo rahisi kikateka kamera na rekoda kwa maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa liliishambulia Dyn, kampuni iliyosimamia anwani za tovuti nyingi, na Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi Marekani. Uingereza imepiga marufuku nywila za kiwandani zinazofanana kwenye vifaa vya aina hii tangu Aprili 29, 2024. Kwingineko kazi hiyo ni ya mnunuzi, siku ya kwanza, kabla kamera haijapanda ukutani: nywila mpya isiyotumika popote pengine, uthibitisho wa hatua mbili, na sasisho la programu ya ndani ya kamera. Desemba 2019, huko Mississippi, mtu asiyejulikana alizungumza na mtoto wa kike wa miaka minane kupitia kamera ya Ring iliyokuwa chumbani kwake. Kampuni ilieleza kwamba wavamizi hutumia nywila zilizovuja kwenye huduma nyingine.

Nywila nzuri nayo ina mpaka wake. Februari 2024, hitilafu ya Wyze iliwaonyesha wateja wapatao 13,000 picha za ndani ya nyumba zisizo zao, na hakuna chochote ambacho wenye nyumba hizo wangeweza kubadilisha kwenye simu zao kuizuia. Kwa hiyo chumba cha kulala na njia ya bafuni havistahili lenzi ya upana wowote. Dada wa kazi anapaswa kuambiwa kamera ilipo na inachorekodi, sauti ikiwemo; picha yake inayomtambulisha ni taarifa binafsi kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 na ya Kenya ya 2019. Na familia ikiwa nyumbani, kamera inaweza kulala. Baadhi zina kifuniko cha lenzi kinachofungwa kupitia programu. Kwa zisizo nacho, soketi yenye swichi inafanya kazi hiyo hiyo.