Kitambaa Cheupe cha Muuguzi wa Vita

Kikitandazwa mezani hakionekani kuwa vazi la kichwani. Ni kitambaa chepesi cha pamba chenye pande nne sawa, kisicho na mshono wa kukipa umbo. Umbo lote lilitoka mikononi mwa muuguzi, na kwa hilo nakisifu.

Kikosi cha wauguzi wa jeshi la Uingereza, kilichoundwa mwaka 1902 kwa jina la Malkia Alexandra, kilijulikana kwa gauni la kijivu na kijoho kifupi chekundu mabegani. Wengi hukumbuka ile nyekundu. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kitambaa cheupe cha kichwani. Kitambaa kilifuliwa, kikachovywa katika maji ya wanga, kikakamuliwa, kikapigwa pasi kingali na unyevu. Kisha kilikunjwa pembe kwa pembe kikawa pembetatu, ukingo wa mbele ukakunjwa tena ukalala juu ya paji la uso, ncha mbili zikabanwa kwa pini kisogoni, pembe ya tatu ikaning'inia mgongoni. Wanga ukizidi, kitambaa hukakamaa na kukataa mkunjo. Ukipungua, hulegea zamu ikiwa bado mbichi. Kipimo hicho hujulikana kwa kugusa.

Tena kulikuwa na busara ndani yake. Hospitali za vita zilihama na majeshi, na kofia ngumu hupondeka safarini. Kitambaa hiki kilifunguliwa, kikafuliwa na kuchemshwa, kikalazwa bapa sandukuni, kesho kikaanza upya.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, jangwani, Burma na Normandy, wauguzi walivaa pia khaki na suruali, na ilikuwa haki yao. Matope hayajali weupe.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuwakumbuka. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, ikiwa na askari wetu wa mizinga pamoja na wauguzi wa jeshi. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wakiwemo wanawake zaidi ya 70. Mikono mingi yenye ujuzi huo ilipotea siku moja.

Kama kwenu yupo bibi aliyeuguza enzi za kofia za wanga, mwombe akuonyeshe alivyoupika wanga na alivyokunja. Andika anayokuambia.