Mwalimu Asiyeruka Hatua

Mwalimu wa hesabu wa sekondari anastahili pongezi, hasa yule asiyeruka hatua. Nilifundishwa na mmoja nikiwa kidato cha pili. Siku moja aliandika ubaoni: x² + 10x = 39. Kanuni hakuitaja. Alichora mraba wenye upande wa x, akaupachikia mistatili miwili, mmoja juu na mwingine ubavuni, kila mmoja ukiwa na upana wa 5, maana ile 10 ameigawa nusu kwa nusu. Kwenye kona pakabaki pengo.

"Hapa panahitaji nini?"

Tukahesabu: 5 mara 5, 25. Akaliziba kwa chaki, akaongeza 25 upande wa pili pia, ikawa 64. Mraba wenye eneo la 64 una upande wa 8. Toa 5, x ni 3. Darasa zima liliguna kwa raha.

Baadaye sana nikajua kwamba swali hilohilo mwanahisabati Al-Khwarizmi alilifafanua kwa michoro ya namna hiyo, Baghdad, karne ya 9, akieleza yote kwa maneno bila alama zetu hizi. Jibu la pili, -13, yeye aliliacha, kwani upande wa mraba hauwezi kuwa hasi.

Nilipokosea, mwalimu wangu alifuata njia yangu kwa kalamu nyekundu mpaka mstari ulipopotoka, akazungushia duara hapo tu. Hatua zilizotangulia alizipa alama zake. Madaftari yetu yalijaa mezani, na yote aliyasahihisha hivyo.